Fimbo ya Freddie ni Spraiti ya Tisa

Hotuba kwa vijana watengenezaji wa gemu, Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalaam aleikum. Na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote. Karibuni, hasa nyinyi mliopanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Najua bahari leo haikuwa na adabu.

Nimepewa mada finyu: gemu za mtindo wa zamani zinazotengenezwa na mashabiki kwa heshima ya bendi ya roki. Aliyenipa alidhani nitalalamika. Mimi mada finyu ndiyo naitaka. Ningeambiwa nizungumzie vijana na teknolojia, ningesema mpaka chai ikapoa na jioni msingekumbuka hata neno.

Basi langu nalitoa mapema, ili wa kunipinga apate muda wa kujiandaa. Shabiki mwenye mashine dhaifu humwelewa mwanamuziki kuliko kampuni yenye mkataba, picha na kanda halisi za studio. Msidhani nasifu mapenzi ya shabiki. Mapenzi ni rahisi, hata wenye kampuni wanayo. Nausifu udogo wa mashine, kwa sababu unamkaba mtu koo mpaka ajibu swali moja: katika bendi hii, kitu gani kikitolewa, bendi haipo tena? Mwenye mkataba hakutani na swali hilo. Anaweka kila kitu, analipa, anakwenda zake.

Tuanze na hao wenye mikataba.

Mwaka 1981 bendi ya Journey, ya San Francisco, ilitoa albamu yake ya Escape, ikapanda mpaka namba moja Marekani. Mwaka uliofuata kampuni moja iitwayo Data Age ikatoa gemu ya bendi hiyo kwa ajili ya Atari 2600. Kwa wasioijua mashine ile, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 128. Sikusema kilobaiti. Salamu yako ya asubuhi kwenye simu, ukiweka na vikaragosi vyake, imeshaijaza. Gemu yenyewe inakwenda hivi: onyesho limekwisha, una mapato ya dola 50,000, na inabidi umfikishe kila mwanamuziki kwenye chombo chao cha kutorokea. Njiani wanavamiwa na mashabiki wa kike waliopagawa, wapiga picha, na mapromota wenye macho ya kuhesabu. Wakikugusa, fedha zinapungua. Na muziki, ambao ndio uliowafanya watu waijue bendi, umebaki vipande vya milio.

Mwaka 1983 wakaja Bally Midway na ya pili, hii ya kumbi za michezo, zile kabati kubwa za kutumbukiza sarafu. Hapo palikuwa na kituko. Walipiga picha halisi za nyuso za wanamuziki, nyeusi na nyeupe, wakazibandika juu ya viwiliwili vidogo vya katuni. Steve Perry, mwimbaji wao, ana kichwa kama cha picha ya pasipoti na miguu ya mdoli, na anaruka. Kila mmoja anakwenda sayari yake kuitafuta ala yake iliyopotea. Wakishazipata zote wanapanda jukwaani, na kanda ya kaseti, kaseti ya kweli iliyofichwa ndani ya kabati, inaanza kupiga wimbo wao. Na wewe uliyehangaika sayari tano, wakati wa onyesho unapewa kazi gani? Unakuwa baunsa. Unawasukuma mashabiki wasifike jukwaani.

Hebu tulieni hapo kidogo. Bendi ni moja, kampuni ni mbili, gemu ni mbili, na katika zote mbili adui ni shabiki! Yeye kanunua santuri, kanunua tiketi, katumbukiza sarafu, halafu ndiye anayekimbiwa na kusukumwa. Siamini kwamba kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Ukiitazama bendi kutokea ofisini utaona nyuso maarufu, utaona fedha, na utaona umati unaosumbua. Gemu ikatoka kama ilivyotazamwa. Data Age wenyewe hawakumaliza mwaka 1983 wakiwa na biashara.

Sasa najua kuna mtu hapa atasema: mbona Frankie Goes to Hollywood? Na atakuwa na haki. Mwaka 1985 kampuni ya Ocean ilitoa gemu ya bendi hiyo ya Liverpool, iliyotengenezwa na watu wa Denton Designs, nao wa Liverpool hukohuko, kwa mashine kama ZX Spectrum na Commodore 64. Wale walikuwa na mkataba, na walifanya kazi nzuri. Lakini tazameni walichofanya. Bendi huioni ikikimbia huku na huku. Wewe ni mtu asiye na sura wala jina katika mtaa wa nyumba zinazofanana, unaingia nyumba hadi nyumba, unajikuta katika mambo ya ajabu, na kazi yako ni kukua mpaka uwe mtu kamili. Waliichukua hali ya zile nyimbo, zile nyuso wakaziacha. Mashine ilikuwa ndogo, ikawalazimisha. Kwa hiyo mfano huo nauchukua, nauweka upande wangu.

Kadiri mashine zilivyonenepa, gemu za bendi zilizidi kuchanganyikiwa. Revolution X ya mwaka 1994, ya Midway na Aerosmith, unapambana na utawala uliopiga marufuku muziki, na silaha yako kubwa ni kurusha CD. Mwaka 1998 ikaja Queen: The eYe, iliyotolewa na Electronic Arts kwa CD tano. Tano! Ndani yake mnapigana ngumi katika dunia ya baadaye, na nyimbo za Queen zinapita nyuma kama redio ya daladala. Haikupata soko. Nimeitaja kwa makusudi, maana Queen tutairudia.

Njooni sasa upande wa mashabiki.

Mwaka 2009 ilitolewa bure gemu iitwayo D-Pad Hero, ya kuchezwa kwenye NES, ile Nintendo ya miaka ya themanini. Mtindo wake ni wa Guitar Hero: noti zinashuka, unabonyeza kwa wakati. Mojawapo ya nyimbo zake ni Sweet Child O' Mine ya Guns N' Roses. Na wimbo huo hawakuuokota tu. Ule mwanzo wake maarufu wa gitaa ni noti mojamoja zinazofuatana, hakuna kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa hiyo unakaa vizuri kabisa katika chaneli moja ya sauti. Anayechagua hivyo ameusikiliza wimbo kwa sikio la mashine. Mwaka uliofuata Brad Smith akatoa Moon8: Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, albamu nzima ya mwaka 1973, imeandikwa upya kwa chipu ya sauti ya NES. Hiyo si gemu, ni muziki mtupu, lakini yeyote anayetaka kutengeneza gemu ya bendi naomba aisikilize kwanza mwanzo hadi mwisho, kwa vipokea sauti, usiku. Utasikia mtu akifanya uamuzi kila sekunde: sauti hii naibakisha, hii naiacha, hii naidokeza tu halafu sikio la msikilizaji litamalizia.

NES wengi wenu mmeicheza bila kujua jina lake. Zile mashine za kuigiza Famicom zilizojaa huku kwetu, zenye kaseti ya manjano iliyoandikwa gemu 9999 kwa moja, na ukihesabu unakuta ni gemu ishirini zinazojirudia: ndiyo hiyohiyo. Famicom, ambalo ndilo jina la NES kule Japani, ilitoka mwaka 1983. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 2. Ina chaneli tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, ambazo ndizo zinazoimba, moja ya pembetatu, ambayo haijui kupaza wala kushusha sauti, ama ipo ama haipo, na kwa kawaida hupewa besi, moja ya kelele tupu, sshh, ya kutengenezea dramu, na moja ya kupigia vipande vifupi vilivyorekodiwa. Super Mario Bros. yote, na viwanja vyake vyote na muziki wake, ni kilobaiti 40.

Nimesema tutairudia Queen, na hapa tulipo nisipoitaja mtanishangaa. Farrokh Bulsara, mwimbaji wa Queen aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika mahakama kuu wakati wa Waingereza. Mtoto akapelekwa India, shule ya bweni ya St. Peter's kule Panchgani, akapiga piano katika bendi ya wanafunzi, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Yaliyobaki mnayajua, na asiyeyajua aende Shangani, jumba lake la makumbusho liko pale tangu Novemba 2019. Natambua pia kwamba jina lake katika kisiwa hiki huleta ubishi. Leo sikuja kwa ubishi huo, nimekuja kwa spraiti, vile vipicha vinavyotembea kwenye gemu.

Mtu akinipa kazi ya gemu ya Queen kwa NES, jambo la kwanza nitakalomkataza ni minazi. Najua mmeshaanza kuichora kichwani. Minazi, majahazi, milango ya kuchonga, Freddie mdogo anaruka paa za Mji Mkongwe akikusanya karafuu. Ni picha nzuri, ya kuuzia fulana. Katika muziki wa Queen ziko wapi hizo karafuu? Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuusimulia sana utoto wake wa hapa. Ukiweka Unguja kila mahali utakuwa umetengeneza gemu kuhusu fahari yetu sisi, na hiyo ni gemu nyingine.

La pili nitakalomkataza ni Bohemian Rhapsody. Dakika tano na sekunde hamsini na tano, mwaka 1975, kanda ya njia 24, na ile sehemu ya opera ni sauti za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa juu ya nyingine, tena na tena, mpaka zikawa umati. Kwa MP3 ya kawaida wimbo huo peke yake unazidi Super Mario Bros. nzima zaidi ya mara 130. Najua kuna ujanja wa kuzungusha noti tatu haraka sana ndani ya chaneli moja, mara 60 kwa sekunde, sikio likadhani linasikia kodi. Ni ujanja mzuri na ndio unaoupa muziki wa chipu ule mtetemo wake. Lakini opera ile ukiifanyia hivyo inakuwa kengele ya simu. Na kuna kejeli hapa ambayo inanifurahisha: hawa ni watu waliokuwa wakiandika kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya sabini kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika. Walijisifu kwa hilo. Hawakuigusa mpaka albamu ya The Game, mwaka 1980. Halafu wewe unawachukua unawaweka katika chipu ambayo haijui kingine ila sinthesaiza.

Ingekuwa dharau, isipokuwa kwa jambo moja. Queen wenyewe walikuwa mafundi wa kuokoteza. Gitaa la Brian May, Red Special, alilitengeneza nyumbani na baba yake, Harold, kuanzia mwaka 1963, kwa sababu gitaa la dukani lilikuwa ghali. Shingo yake ni mbao ya zamani iliyotolewa kwenye sehemu ya kuotea moto. Springi ni za vali ya pikipiki. Vile vidoa vyeupe vya kuonyesha nafasi za noti ni vifungo kutoka kwenye boksi la kushonea la mama. Gitaa hilo ndilo lililopiga karibu kila kitu mnachokisikia. Na John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya aliyesomea elektroniki, aliokota ubao wa saketi jalalani, akaufunga ndani ya kisanduku cha spika ya rafuni, akautia betri, ikawa amplifaya ambayo May aliitumia kujengea zile sauti za magitaa mengi yanayoimba pamoja kama vinanda. Kwa hiyo mtu anayekaa na mashine ya kilobaiti 2 akiilazimisha iimbe hayuko mbali na hiyo bendi kama anavyofikiri.

Tuchore sasa.

NES inaita spraiti kile kipande kidogo kinachotembea juu ya skrini, pikseli 8 kwa 8. Unazo 64 kwa wakati mmoja, lakini kwenye mstari mmoja wa skrini hazionekani zaidi ya 8. Ya tisa inafichwa. Mwanamuziki anayeonekana kama mtu anahitaji upana wa pikseli 16, yaani spraiti mbili ubavu kwa ubavu. Queen ni wangapi? Wanne. Mbili mara nne, nane. Wamekaa sawasawa, kana kwamba Nintendo walikuwa wakiwafikiria. Mpaka Freddie anapoinua ile fimbo yake ya maikrofoni, nusu fimbo isiyo na kitako, ambayo bila hiyo si Freddie. Fimbo ndiyo spraiti ya tisa. Ikipita kwenye mstari wao, kitu kimoja kinatoweka: ama fimbo, ama nusu ya Roger Taylor.

Kuna njia kadhaa. Unaweza kubadilishana zamu, kila fremu, yaani kila picha mpya ya skrini, anafichwa mwingine, na picha ikawa inapepesa. Waliokulia kwenye kaseti za manjano wataiona kama nyumbani. Unaweza kumweka Taylor juu kidogo, kwenye jukwaa la dramu, ambako ndiko anakokaa kweli, mistari isigongane. Mimi ningechukua hiyo ya pili, kwa kuwa inalipa tatizo la mashine kwa ukweli wa jukwaa. Na gitaa la May? Lichore ndani ya upana wake. Atakuwa amelikumbatia zaidi kuliko kawaida, hatalalamika.

Rangi nazo zina visa. Spraiti zina paleti nne, kila moja rangi tatu. Wanamuziki wanne, paleti nne, tena unashukuru. Lakini Freddie wa Wembley mwaka 1986 ana koti la manjano, suruali nyeupe yenye mstari mwekundu, masharubu meusi, na ana ngozi. Hesabuni: tano. Mstari mwekundu unaondoka bila kilio. Zimebaki nne, na hapo wengi huunganisha nyeupe na rangi ya ngozi, Freddie akapanda jukwaani bila suruali. Msifanye hivyo, hasa katika kisiwa hiki. Paleti hupewa spraiti mojamoja, si mtu mzima. Kwa hiyo kiwiliwili kichukue manjano, nyeusi na ngozi, na miguu iazime paleti ya mwenzake mwenye nyeupe. Kwa njia hii unalazimika kuamua mwenzake huyo atavaa nini, na gemu nzima inaanza kupata mavazi yake kutokana na suruali moja.

Nimekaa sana kwenye spraiti, lakini nilitaka mwone kitu. Wanamuziki wanne tu, na mashine inahema. Sasa tazameni mandhari ya nyuma. Mandhari ya NES ni vigae, 32 kwa 30, jumla 960, na vyote mashine inavichora bure, kila fremu, bila kulalamika. Chora vigae kumi na mbili vya vichwa na mabega, virudie, umepata uwanja mzima wa watu. Wape mikono iliyoinuliwa kwa rangi moja na mikono iliyoshushwa kwa rangi nyingine, rangi moja uifiche kwa kuifanya sawa na giza. Kisha badilisha paleti, namba mbili tu kwenye kumbukumbu, na mikono yote ya uwanja inaruka juu kwa mpigo mmoja. Mashine hii inateseka na mastaa, na inapenda umati.

Basi isikilizeni. Mchezaji asiwe Freddie. Awe mmoja wa watu waliosimama kule nyuma.

Na wimbo upo tayari. Mwaka 1977 Queen walipiga Bingley Hall, kule Stafford, na walipomaliza, umati badala ya kupiga makofi tu ukaanza kuwaimbia wao. May akaondoka akijiuliza: watu waliosongamana hivi, wasio na nafasi ya kugeuka, wanaweza kufanya nini pamoja? Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi, kuimba. Ikatoka We Will Rock You. Hakuna dramu ndani yake, hakuna besi. Gitaa linangoja mpaka mwishoni. Walikanyaga mbao katika studio ya Wessex, London, wakarudia na kurudia, na May, ambaye kitaaluma ni mwanafizikia na alikuja kupata udaktari wa falaki mwaka 2007, akazichelewesha sauti hizo kwa vipimo vya namba tasa ili zisikike kama watu wengi waliosimama mbali mbali badala ya mwangwi mmoja.

Kishindo, kishindo, kofi. Pedi ya NES, ukiacha vya mwelekeo na vya kuanzia, ina vitufe viwili: B na A. Kishindo ni B, kofi ni A. B, B, A. Na chaneli ya kelele, ile sshh ambayo kwa nyimbo nyingine ni mtumishi tu, hapa ndiyo bendi. Huna cha kukibana, huna cha kukiacha. Wimbo huu unaingia mzima.

Gemu yangu ingekuwa hivi. Skrini ni giza, umati umesimama bila mpangilio, na wewe ni kigae kimoja. Unaanza peke yako: B, B, A. Mapigo ni kama 81 kwa dakika, ambayo kwa mashine ya fremu 60 kwa sekunde ni fremu 44 au 45 kwa pigo. Ukishika mwendo kwa raundi chache, wa jirani yako anajiunga. Kiufundi ni rahisi kiasi cha kuchekesha: mandhari hugawiwa paleti kwa viwanja vya pikseli 16 kwa 16, viwanja 240 kwa skrini, na kila kiwanja kinashika biti mbili tu za kusema kinatumia paleti ipi. Kumwingiza jirani ni kubadilisha biti mbili. Ukiyumba, wa pembeni wanaacha, na unajikuta unapunguziwa watu. Na ugumu, niwaambie, hauko kwenye vishindo. Uko kwenye ule ukimya baada ya kofi. Pigo zima hakuna kitu. Kila mchezaji mgeni atabonyeza mapema hapo, kwa sababu ukimya unatisha, na umati utasambaratika. Mwenye kujifunza kuungoja ule ukimya ameujua wimbo kwa mwili wake, na hakuna CD tano zinazoweza kumfundisha hivyo. Skrini ikishajaa, ndipo bendi inatokea, wadogo, kule mbele, spraiti nane.

Angalizo kwa watakaopeleka kazi zao kwenye mashine halisi: runinga za zamani za huku zilikuwa za mfumo wa PAL, fremu 50. Programu ileile isiporekebishwa inashuka mpaka mapigo 67 hivi. Mkijaribu mtasikia, uwanja wa roki unageuka msafara wa maziko.

Hatua ya pili ningeichukua kwenye kule kuitikiana alikokufanya Freddie na umati wa Wembley, katika tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985: yeye anatupa sauti, watu sabini na kitu elfu wanairudisha. Chaneli ya mraba inapiga kipande, wewe unajibu kwa vitufe vya juu na chini kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Sisi tuliokulia kwenye ngoma tunajua mwimbaji bila waitikiaji ni mtu anayepiga kelele. Sisemi kwamba aliitoa Unguja, msije mkaninukuu hivyo. Waimbaji wa dunia nzima wanaijua. Nasema tu kwamba mchezaji wa hapa hatahitaji maelekezo.

Sasa ya sheria, na nitaipita haraka ingawa ndiyo itakayowaumiza. Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Ukiuandika upya kwa chipu umeikwepa ya rekodi, ya utunzi bado imekukalia. Kusema nimetoa bure hakukuokoi. Mwaka 2016 shabiki mmoja alitoa AM2R, gemu ya Metroid, mfululizo wa Nintendo, aliyoitengeneza kwa miaka mingi, bure kabisa, na ndani ya siku chache Nintendo wakaamuru viungo viondolewe. Alama, majina na sura za watu nazo zina wenyewe. Kwa mazoezi, chumbani kwako, fanya utakacho. Kwa kutoa hadharani, omba ruhusa, au fanya kile ambacho mimi nakiona bora hata bila hofu ya barua ya mwanasheria: tunga mdundo wako mwenyewe wenye tabia ileile, umati wako, uwanja wako. Bendi itatambulika. Na anayetaka kulinda kazi yake mwenyewe, ofisi ya hakimiliki, COSOZA, iko hapahapa, na wa bara wanayo COSOTA.

Vifaa havina gharama. FamiTracker ni bure kwa muziki. cc65 ni bure kwa wanaoandika kwa lugha ya C, na wenye ujasiri waandike asembli ya 6502, lugha ya chipu yenyewe, haimuumi mtu. Wanaopenda Game Boy watumie GB Studio, hata asiyejua programu ataweza. PICO-8 inalipiwa kidogo, na mashine yake ni ya kubuni tu, haikuwahi kuwapo, lakini mipaka yake ni mikali: pikseli 128 kwa 128, rangi 16, chaneli nne. Kompyuta za kule nyuma zimeshawekewa emuleta, programu ya kuigiza mashine ya zamani, na pedi mbili zinafanya kazi. Ya tatu kitufe cha A kimekwama, kwa hiyo aliyeipata atakuwa na vishindo bila makofi.

Maswali sasa. Na yule kijana wa mstari wa mbele ambaye tangu nianze ametaka kuniuliza kwa nini tusitumie Godot, programu ya kisasa ya kutengenezea gemu, tukaweka spraiti elfu moja, haya, simama uulize wewe kwanza.